Je, Ungerudi kwa Mtu Huyu?

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi, wakati wa chai. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya mkahawa wa kampasi, ghorofa ya kwanza, mjini Meru, nikipanga mandazi kwenye sinia, wakati mwanamume mmoja wa koti la kahawia aliponyoosha kikombe chake bila kunitazama akasema, "Hii imepoa. Hamjui kuchemsha maji?" Niliijua sauti kabla ya kuinua uso. Mikono yangu iliendelea kupanga mandazi kana kwamba si yangu. Nilikuwa msichana wa haya, wa kujibu watu wazima kwa kutikisa kichwa, na siku hiyo pia nilitikisa kichwa, nikachukua kikombe, nikamchemshia chai nyingine, nikamrudishia. Hakusema asante. Alikwenda zake meza ya dirishani, akafungua kitabu chake kinene cha usimamizi, na mimi nikarudi jikoni nikakaa juu ya gunia la viazi. Tata Karimi, dada ya mama yangu, aliyekuwa mpishi mkuu pale na ambaye nilikuwa nikikaa naye tangu nimalize kidato cha nne, aliniuliza kama nimeungua. Nikamwambia ndiyo, nimeungua.

Mwezi uliopita tulimzika mtu huyo huko Kianjai. Nasema "tulimzika" kwa sababu nilienda. Nilivaa nguo yangu ya kanisani, nikakaa hemani kiti cha nyuma, nikala wali wao na nyama yao, nikamsikiliza kijana wake mkubwa akisoma wasifu. Alisoma kwamba marehemu baba yao, Bwana Kaberia, alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa huduma za afya, "aliahirisha masomo kwa mwaka mmoja ili awahudumie wagonjwa waliomhitaji." Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja kando yangu akasema, "Jameni, watu kama hawa wameisha." Nikanyamaza, maana mazishini hamna mahali pa kusimama ukasema huo ni uongo. Lakini Kaberia hakuahirisha kitu. Aliurudia mwaka ule kwa sababu yangu, na kwa kuwa hakuna mwingine atakayeliandika, naliandika mimi.

Kwa nini nilimchukia, nitasema mara moja. Nyanya yangu alipougua tulikuwa tukiishi karibu na Runyenjes, kwa sababu ambazo si za sura hii, na alilazwa katika hospitali moja kule Embu ambayo sitaitaja. Kaberia ndiye aliyekuwa msimamizi wa hospitali hiyo. Asubuhi moja nilifika getini na thamosi ya uji wa kuchachusha, ule tunaouita ucuru, kwa sababu nyanya alikuwa amekataa chakula cha wodi na kuniambia huo ndio utakaopita kooni. Askari wa geti alitaka kunifungulia. Kaberia alikuwa akipita na funguo za gari mkononi. Akasimama, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya askari, akamwambia, "Ukimfungulia huyu, kesho utafungulia soko zima la Runyenjes." Kisha akanielekezea kibao cha saa za kuwaona wagonjwa. "Hujui kusoma?" Nilijua kusoma. Nilikaa kwenye nyasi nje ya ua mpaka saa za kibao zilipofika, nikaingia na watu wengine, nikakuta godoro la nyanya limekunjwa mara mbili na mashuka yametolewa. Muuguzi alinishika bega akaniambia nyanya alikuwa akiuliza tangu asubuhi, kasichana kangu kako wapi. Nilipokuwa natoka nalia, Kaberia alikuwa kwenye korido. Akasema bila kusimama, "Wenye mwili waende mochari, huku ni wodi." Ni hayo tu. Hakunipiga wala hakunitukana. Hakunitazama hata kidogo, ndiyo maana hakunijua aliponyoosha kikombe chake.

Kampasi yenyewe haikuwa kama vyuo mnavyoviona kwenye kalenda. Ilikuwa ghorofa mbili za kukodi. Chini kulikuwa na bucha la Abdalla, mtu wa Majengo ambaye babu zake walitoka kila mahali na ambaye alizungumza Kimeru kuliko sisi, na panga lake lilipogonga gogo, kuta za darasa zilitetemeka na mhadhiri akangoja. Jiko letu lilikuwa katikati ya darasa kubwa na chumba cha walimu, likitengwa na mbao nyembamba, na lilikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani kila upande. Kwa hiyo nilisikia kila kitu. Wanafunzi walikuwa watu wazima: matroni, makatibu wa hospitali, maafisa wa tiba kutoka Chuka na Maua na Embu, waliokuja wikendi na wakati wa likizo wakiwa na mabegi ya nguo na picha za watoto wao. Walikula githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, kwa haraka wakitahiniana wenyewe kwa wenyewe. "Nguzo za uongozi bora?" "Kusikiliza, kupanga, eeh… ngoja…" "Utarudia wewe!" "Nirudie na mume wangu ashaniuliza mara ngapi shule inaisha?" Walicheka sana. Niliwapenda, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa mwerevu kuliko wote, na hilo lilinichoma zaidi. Alijibu kabla swali halijaisha. Ilijulikana kwamba akimaliza tu, kuna kiti kikubwa kinamngoja kule Embu, na wenzake walishaanza kumwita "Mkubwa" kwa utani uliokuwa nusu ya kujipendekeza.

Jioni niliandika shajara, ukurasa kila siku, na mwaka ule kurasa zangu zilikuwa mbaya. Niliandika nitamwekea chumvi kwenye chai. Niliandika nitamwagia supu kwenye koti. Niliandika Mungu ampe ugonjwa na alazwe mahali ambapo msimamizi ni mtu kama yeye. Mchana nilimpakulia vizuri na kumfutia meza. Mtu wa haya ana kisasi kirefu kwa sababu hana pa kukitolea. Kinakaa ndani kinachacha kama maziwa kwenye kibuyu.

Kisha siku moja nilisikia kupitia kidirisha cha walimu ugomvi ambao ulikuja kunipa nafasi yangu. Walikuwa wawili wakila mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Mmoja alikuwa Daktari Kagendo, mkuu wa masomo hayo, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na sauti ya kutuliza ng'ombe. Mwingine alikuwa Profesa Nyaga, mzee wa Embu, aliyefundisha wengi wa wakubwa wa hospitali za kwetu na hakutaka kusahauliwa kwa hilo.

"Mtu akijua ataandika," Profesa alikuwa akisema. "Akiandika kurasa kumi za maana, amejifunza. Sasa wewe unataka maigizo."

"Profesa, yule aliyeandika vizuri kuliko wote mwaka jana, nimeenda kuona hospitali yake. Wagonjwa wamelala wawili wawili. Na stoo ina vitanda bado vimefungwa nailoni."

"Hilo ni kosa la mtu. Si kosa la mtihani."

"Basi mtihani ulipima nini?"

Profesa alitafuna. "Ulipima alichosoma."

"Mimi nataka kupima alichojifunza."

"Na utakionea wapi, Kagendo? Utamfungua kichwa?"

"Nitamweka chumbani na mtu mwenye shida, nikae pembeni, nitazame."

Alifanya hivyo kweli, ingawa bodi ya chuo ilimzungusha miezi mingi. Mpango wake ulikuwa huu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho angeingia katika chumba kilichopangwa kama ofisi ya hospitali. Ndani angemkuta mtu anayeigiza mwenye shida, na watahini wawili wangekaa pembeni wakiandika: alisimama kumpokea? Aliuliza jina? Alieleza hatua inayofuata? Kengele ikilia, mwanafunzi anatoka. Halafu yule mwigizaji anaulizwa swali moja tu, kwa mdomo: Je, ungerudi kwa mtu huyu? Akisema La, hakuna alama za pembeni zinazoweza kumwokoa mwanafunzi huyo. Ataurudia mwaka wa mazoezi. Profesa Nyaga alipinga swali hilo mpaka akachoka. "Yaani mtu wa mtaani ndiye atakayetoa shahada?" Daktari Kagendo akamjibu, "Mtu wa mtaani ndiye anayetibiwa."

Waigizaji walitafutwa humo humo. Abdalla alichaguliwa wa kwanza, kuigiza ndugu wa mgonjwa mwenye hasira, na katika mazoezi aligonga meza mpaka glasi ikaruka. "Pole, Daktari," alisema akiiokota, "nimezoea gogo." Nilipokuwa nikiwapelekea chai, Daktari Kagendo akanitazama kwa muda. "Wewe Kinya, unaweza kuigiza?" Nikatikisa kichwa kwamba siwezi. "Ndivyo ninavyotaka," akasema. "Anayepiga kelele kama Abdalla husikika na kila mtu. Nataka kuona watamfanyia nini asiyesema." Abdalla akacheka, "Huyu atawaangusha wote, Daktari, hata kwangu huagiza nyama kwa kidole." Nikapewa kisa changu: mimi ni binti ambaye bibi yake amehamishwa wodi bila yeye kuambiwa, na hajui alipo. Nisilie, nisipige kelele, nikiulizwa nijibu kidogo. Tena nikapewa sharti. "Usijibu kilicho moyoni mwako kabla hajaingia," Daktari alisema. "Jibu kilichotokea chumbani. Kuna yeyote kati ya hawa unayemjua nje ya hapa?" Nikasema hapana. Hadi leo sioni kwa nini ningesema vinginevyo. Nilikuwa nimengojea muda mrefu.

Siku ya mtihani mkahawa ulinuka pafyumu na wasiwasi. Hakuna aliyekula. Matroni mmoja alikuwa akitembea kwenye korido akinong'ona, "Karibu, keti, pole, karibu, keti, pole," kama mtu anayesali rozari. Chumba changu kilikuwa kile cha mwisho, meza na viti viwili, pazia la kijani na kalenda ya kampuni ya mbegu. Daktari Kagendo na Profesa Nyaga walikaa kwenye kona. Wa kwanza wangu aliongea bila kupumua, lakini alinishika mkono, nikasema Ndiyo. Wa pili alilia mwenyewe, masikini, nikasema Ndiyo. Wa tatu alikuwa Kaberia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa getini. Nilikuwa nimepanga kwamba ataingia na ukali wake, atanionyesha kibao, na mimi nitatamka La yangu kwa raha. Lakini mtu huyo hakuja. Aliyeingia alifunga mlango polepole, akaja upande wangu wa meza, akavuta kiti chake kikawa karibu na changu ili meza isitutenganishe, akainama kidogo. "Karibu, mwanangu. Naona umechoka. Umekula?" Nikatikisa kichwa. Akamimina maji kwenye glasi, akaniwekea. "Niambie, ni nini? Usiwe na haraka, leo sina kazi nyingine." Nikamwambia nimemkosa bibi yangu. "Anaitwa nani?" Kwenye kisa changu lilikuwepo jina la kubuni. Nikamwambia jina la nyanya yangu mwenyewe. Akalirudia taratibu, akalitamka vizuri, na kila sentensi aliyosema baada ya hapo aliliweka ndani kama walivyofundishwa: tutamtafuta bibi fulani pamoja, bibi fulani hayuko peke yake. Nilisikia kalamu ya Profesa ikiandika alama nzuri tu. Kalamu ya Daktari pia.

Sijawahi kuhisi hasira kama ile, wala sasa nikiwa mtu mzima sijui nini kingeizidi. Alikuwa anajua! Siku zote nilimdhania mtu asiyejua, jiwe tu lililovikwa koti. Kumbe alijua jinsi ya kuvuta kiti, jinsi ya kuuliza jina, jinsi ya kushusha sauti. Alikuwa na upole wote huo ndani ya mfuko na siku ile getini hakuona sababu ya kuutoa, kwa kuwa hakukuwa na watu pembeni wanaoandika. Nikaona kengele inakaribia kulia, nitaulizwa swali langu, na kwa kilichotokea chumbani, kwa haki kabisa, itanibidi niseme Ndiyo.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya jambo ambalo halikuwa kwenye kisa. Nikamwuliza, kwa Kimeru, kama anavyouliza mtu yeyote wa kwetu akimkuta mgeni, "Wewe ni wa wapi?"

Akajibu bila kufikiri. "Kianjai." Na hilo ndilo kosa lake, kosa ambalo mtu wa Kisumu au wa Mombasa asingelifanya. Aliulizwa kwa lugha ya nyumbani, akajibu kutoka nyumbani, akasahau kwamba yuko kwenye mtihani.

"Ukoo gani?"

Akautaja. Nikautaja wetu, wa Mikinduri. Nikaona uso wake ukishuka.

Nitaeleza kwa wasiojua. Kwetu kuna kitu kinaitwa gichiaro. Ni udugu wa kiapo kati ya koo mbili, uliofungwa na wazee wa zamani ambao majina yao hata hatuyajui, na hauvunjiki. Ndugu wa gichiaro humwongopei. Wala humdhuru. Akikuomba kitu, humnyimi; akikupa chakula, hukikatai. Watu wenye digrii huko Meru, watu wa kanisani, watu wasioogopa polisi wala daktari, wanaogopa gichiaro, maana anayevunja kiapo hicho huwaletea kifo watu wake. Ukoo wa Kaberia na ukoo wetu ni gichiaro. Niliambiwa hivyo tangu utotoni, na tangu siku ya kwanza nilipomsikia akisema kwao ni Kianjai, nilikuwa nimejiuliza.

"Basi kwa gichiaro nakuuliza," nikasema, na sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Umewahi kumfungia mtu geti, na mgonjwa wake anakufa?"

Kalamu za pembeni zikasimama. Angeweza kucheka. Angeweza kusema, "Binti, turudi kwenye shida yako," na wangempa alama za kudhibiti mazungumzo. Aliitazama ile glasi ya maji.

"Nimewahi," akasema.

"Nani?"

"Sijui majina. Wengi."

"Mmoja alikuwa mama ya mama yangu. Hilo jina ulilokuwa unalitaja."

Ndipo aliponitazama. Kengele ikalia. Akasimama, akasahau kurudisha kiti, akatoka.

Daktari Kagendo aliangalia dirisha. Kisha akasema, "Je, ungerudi kwa mtu huyu?"

"La."

"Kinya. Hiyo La imetoka humu chumbani, au uliingia nayo?"

"Imetoka humu, Daktari. Nimemwuliza kama amewafungia watu, akasema wengi. Nani angerudi?"

Hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa mbele ya watu wakubwa. Profesa Nyaga alirusha kalamu mezani. "Huu ni mtihani wa usimamizi au baraza la koo? Mtu ametimiza kila kitu kwenye karatasi! Amekuja upande wa meza! Ametoa maji!"

"Ametoa," Daktari alisema.

"Sasa unamwangusha kwa kusema ukweli? Kesho wote watajifunza kudanganya."

"Simwangushi mimi. Aliyeulizwa amejibu."

"Aliyeulizwa ana kisasi, Kagendo, si unamwona?"

"Namwona. Na hao watakaokuja ofisini kwake wakiwa na kisasi, nao utasema wasihesabiwe?" Kisha akanigeukia, na ile sauti ya kutuliza ng'ombe ilikuwa imekwisha. "Ulinidanganya kwamba humjui. Toka. Sitakutumia tena."

Nikatoka nikiwa na furaha mbaya tumboni, ile ya mtoto aliyeiba sukari. Kufikia mchana kila mtu alijua. Hakuna aliyesema "Mkubwa" tena. Abdalla alinipungia mkono kutoka buchani akasema, "We msichana, nikikuuzia nyama yenye mfupa mwingi uniambie mapema." Nikacheka kwa sauti, mimi niliyezoea kucheka kwa kuziba mdomo.

Furaha hiyo iliisha kabla ya adhana ya magharibi. Nilikuwa jikoni na Tata Karimi tukimenya viazi vya kesho. Kaberia alisimama mlangoni bila koti. Hakuingia. Alimsalimia Tata kwa heshima yote, kama anavyosalimiwa mtu ambaye unataka awe shahidi.

"Mama, huyu binti wako amenishika kwa gichiaro leo."

Tata akaweka kisu chini. "Amefanya nini?"

"Amenishika. Na mimi sikumwongopea. Uliza Daktari." Akanigeukia. "Sasa na mimi nakuomba kwa hicho hicho. Kesho asubuhi Daktari anapeleka majibu. Nenda umwambie umebadilisha neno. Sema Ndiyo."

Sikuwa nimefikiria hilo. Kisasi changu chote, mwaka mzima wa kurasa, na sikuwa nimefikiria kwamba kamba hiyo ina ncha mbili.

"Hapana," nikasema.

Tata alinizaba kofi la mgongo, si kwa hasira, kwa hofu. "Nyamaza! Unajua unachosema? Usimnyime! Wewe ndiye uliyelitaja, si yeye. Unataka tuzike watu hapa?"

"Tata, huyu ndiye…"

"Najua ni nani! Umenipigia kelele usingizini tangu Februari, unafikiri sijui ni nani?" Akamgeukia Kaberia, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Alikuwa mama yangu pia, Bwana. Ningekuwa mimi ningekuchoma kwa mafuta ya jiko hili. Lakini umeomba. Ataenda."

Kaberia akainamisha kichwa, akashuka ngazi. Tulimaliza viazi. Usiku huo sikuandika kitu, kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa tusi.

Nimeishi na maswali ya mtu huyu muda mrefu kuliko nilivyoishi na nyanya. Je, alijifunza kitu, au alijua tu namna ya kuingia chumbani? Hemani kule Kianjai muuguzi mmoja mstaafu alisimama akasema kwamba kwenye kituo alichosimamia mwisho, geti la mchana halikufungwa, na kwamba marehemu mwenyewe alikuwa akiwaletea viti waliokuja mapema. Watu wakampigia makofi. Kama ni kweli, basi alifundishwa na mimi, na jina langu halikuwa kwenye wasifu. Sitajifanya hilo lilinilainisha. Viti hivyo vilichelewa.

Asubuhi iliyofuata nilipanda kwenye ofisi ya Daktari Kagendo kabla ya kuwasha jiko. Kaberia alikuwa amekwisha kufika, amesimama karibu na kabati, na Profesa Nyaga alikuwa amekaa na fimbo yake katikati ya magoti. Nilisimama mbele ya meza.

"Daktari, nimekuja kubadilisha neno. Nasema Ndiyo."

"Umetishwa?"

"Nimeombwa. Kwa gichiaro."

Profesa, ambaye huko Embu anazijua habari hizi vilevile, alikohoa akatazama sakafu. Daktari alinitazama, akamtazama Kaberia, akachukua kalamu, akafuta, akaandika. "Basi amepita," akasema kwa sauti ya mtu aliyekula kitu kibaya.

Kaberia alitoa pumzi. Akanipa mkono. Nilikuwa nimengojea mkono huo tangu alfajiri. Niliushika, sikuuachia.

"Nimekupa ulichoomba," nikamwambia. "Sasa na mimi naomba."

Alielewa kabla sijasema. Niliona akielewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesikia maji yakipanda ndani ya nyumba. "Usifanye hivyo, binti," akasema kwa Kimeru.

"Kwa gichiaro. Kikatae."

Chini, panga la Abdalla liligonga gogo mara ya kwanza siku hiyo. Kaberia, mkono wake bado ndani ya mkono wangu, mtu mkubwa mwenye kiti kinachomngoja, akamgeukia Daktari Kagendo. "Niandike sijapita," akasema. "Nitaurudia mwaka."

"Hiyo si sheria ya chuo, Bwana Kaberia."

"Si ya chuo, Daktari. Niandike."

Nikashuka nikafunga aproni, nikawasha jiko. Alipokuja kwenye foleni ya chakula, macho mekundu, wenzake wakimpisha kana kwamba ana ugonjwa, nilimchotea githeri ya jana, ile iliyoshikana chini ya sufuria, nikamjazia sahani mpaka pembeni. Alijua hawezi kuikataa. Alikaa meza iliyo mbele ya kaunta, akala yote, taratibu, huku nikimtazama. Alipomaliza nilitoka na mwiko, nikaenda mpaka mezani kwake, nikamwongezea.